Kombe, habasoda na ratiba ya swala: tumezipa alama bidhaa za mtahiniwa Muislamu

Mzazi wa mtoto wa kidato cha nne hakosi kuuziwa kitu ikikaribia Novemba. Nje ya msikiti baada ya Ijumaa kuna kijitabu cha dua za mtihani. Duka la dawa za kisunna lina mafuta ya habasoda yanayonadiwa kuwa yanafungua akili. Jirani anamjua mwalimu anayeandika kombe, yaani aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, na kwenye simu limetumwa tangazo la kambi ya masomo ya siku kumi, chakula na malazi humo humo.

Tumevipima kwa maswali matatu. Kina asili gani katika mafundisho ya dini? Kinamwongezea mtoto saa za kusoma na kulala au kinamla saa hizo? Na kikikosewa, hasara yake ni ipi? Madaraja ni yale ya Baraza la Mitihani, A hadi F. Saa zote humu ni za Dar es Salaam katikati ya Novemba. Zanzibar na Mombasa zinatofautiana kwa dakika chache tu.

Ratiba ya swala ya ukutani: A

Tuanze na iliyoshinda, ambayo pia ndiyo ya bei ndogo kuliko zote: karatasi ya nyakati za swala ya mwezi mmoja, inayogawiwa misikitini au kuuzwa kwa bei ya kutoa nakala. Wengi huibandika wajue tu adhana ni saa ngapi. Kwa mtahiniwa faida iko kwenye nafasi baina ya swala na swala. Alfajiri inaingia kama saa 10:40, jua linachomoza saa 12 kasoro dakika tano, Adhuhuri saa 6 na dakika saba hivi, Alasiri saa 9:30, Magharibi saa 12:20, Isha saa 1:30 na ushei. Siku imeshakatwa vipande bila mtu kukuna kichwa, na kila kipande kina kengele yake ambayo hakuna wa kuizima.

Kipande cha Alfajiri ndicho cha Hisabati, Fizikia, au somo lolote linalomtoa mtoto jasho. Sahaba Sakhr al-Ghamidi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema, na Sakhr mwenyewe, aliyekuwa mfanyabiashara, akawa anatoa bidhaa zake mapema akatajirika. Kuanzia saa 11:15 hadi saa 12:45 ni saa moja na nusu nzima, nyumba imetulia, simu hazijaanza kulia. Kinachoharibu ni kurudi kitandani "dakika tano tu" baada ya swala. Dawa yake si nidhamu ya chuma: ni kulala mapema jana yake, na kuacha daftari limefunguliwa mezani kwenye ukurasa wa swali la kwanza kabla ya kulala.

Baada ya Adhuhuri ni chakula na kailula, usingizi mfupi wa mchana, ya dakika 20 hadi 30. Ikizidi hapo mtoto anaamka mzito, na usingizi wa usiku unamtoroka. Baada ya Alasiri, saa 10 hadi saa 12, ni mitihani iliyopita, inayofanywa kwa saa ya ukutani na si kwa kujikokota.

Kipande tunachokipenda kuliko vyote ni cha Magharibi na Isha. Kina dakika 70. Ukitoa swala, uradi na maji ya kunywa, zinabaki 45. Al-Zarnuji, mwanachuoni wa Kihanafi ambaye kitabu chake cha adabu za mwanafunzi kimesomeshwa madrasa nyingi duniani kwa karne kadhaa, anautaja wakati huu kuwa miongoni mwa nyakati bora za kusoma, pamoja na ule wa kabla ya alfajiri. Na ni yeye aliyeacha kanuni ya marudio ambayo walimu wa leo wanaihubiri kama ugunduzi mpya: somo la jana lirudie mara tano, la juzi mara nne, la kabla yake mara tatu, la kabla ya hilo mara mbili, la mwisho mara moja. Hesabu inatoa marudio 15. Kila somo likifupishwa kwenye ukurasa mmoja unaosemeka kwa dakika tatu, mara 15 ni dakika 45 kamili. Isha inaadhiniwa ukiwa umemaliza.

Panakosewa mahali pawili. Kwanza, mtoto anarudia kitabu kikiwa wazi. Huko ni kutazama, si kurudia. Kitabu kifungwe, maneno yatoke mdomoni kwa sauti ya kusikika, na kitabu kifunguliwe pale tu alipokwama. Al-Zarnuji alikataza mazoea ya kunong'ona wakati wa kurudia, na akakataza pia kupiga kelele hadi kuchoka. Pili, muhtasari unakuwa kurasa nne, zamu inachukua saa mbili, na siku ya tatu mpango mzima unaachwa. Ikitokea hivyo punguza maandishi, usipunguze marudio.

Baada ya Isha ni chakula, kazi nyepesi ya saa moja, na kitanda kabla ya saa 4. Sahaba Abu Barza amesimulia, katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Anayepiga msuli hadi saa 7 usiku anaiua Alfajiri, na Alfajiri ikifa kile kipande cha Hisabati kimekwenda nayo.

Kasoro moja ya ratiba hizi iko kwenye uchapaji. Karatasi iliyotengenezwa Dar es Salaam husafiri na mabasi hadi Mwanza na Kigoma, nayo haifai huko. Jua linatofautiana dakika nne kwa kila nyuzi moja ya longitudo. Kigoma iko nyuma ya Dar kwa karibu dakika 39, Mwanza kwa 25 hivi. Anayeifuata huko anaswali kabla ya wakati, na swala hiyo haijasihi. Tafuta jina la mji juu ya karatasi kabla ya gundi.

Kwa mabinti kuna jambo ambalo karatasi haina nafasi yake. Siku za hedhi swala imeondoka, na wengi huona mpango mzima umeondoka nayo, wakaamka saa 2 na wasiwasi juu. Adhana zibaki kuwa kengele zile zile, na dakika za swala ziwe za dhikri na dua, ambazo hazina kizuizi.

Programu ya adhana kwenye simu: C

Inaleta kazi mbili. Ya kwanza ni mipangilio. Ukiipakua na kuitumia ilivyo, angalia madhehebu ya Alasiri: ikiwa imewekwa Hanafi, adhana italia saa 10:33 badala ya saa 9:30, na mtoto atashangaa msikiti wa jirani "umewahi". Pwani yetu ni ya Imamu Shafii, basi chagua Shafii. Kisha pembe ya Alfajiri, yaani jua linahesabiwa liko nyuzi ngapi chini ya upeo: nyuzi 18 inatoa saa 10:40, ile ya nyuzi 15 inayotumika Marekani inachelewesha kwa dakika 12 au 13, ya Misri ya 19.5 inawahisha kwa dakika kama sita. Fuata ile inayolingana na adhana ya msikiti wako.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni simu yenyewe. Kifaa kilichowekwa kitandani kwa ajili ya Alfajiri ndicho kinachomkesha mtoto hadi saa 6 usiku. Ushauri: irekebishe mara moja, nakili saa zake kwenye karatasi, kisha simu ilale chumbani kwa mama. Saa ya kengele ya betri inafanya kazi hiyo hiyo na haina video. Na siku ya mtihani simu haiingii chumbani kabisa, wala saa ya mkononi inayolia adhana.

Tukiwa hapa, tulitoe suala linalowapotezea watoto alama bure. Karatasi ya mchana inaanza saa 8 na kumalizika saa 11 jioni. Saa 9:30 adhana ya Alasiri inasikika dirishani, na wapo wanaoanza kukimbiza majibu wakawahi swala. Hakuna sababu. Kwa Mashafii wakati wa hiari wa Alasiri unakwenda hadi kivuli kifikie mara mbili ya kitu, ukiacha kivuli cha mchana, yaani kama saa 10:33. Baada yake wakati wa kujuzu unaendelea bila karaha hadi jua lianze kugeuka manjano, na swala haijawa kadha, ya kulipwa nje ya wakati wake, hadi jua lizame saa 12:20. Ukitoka saa 11 una zaidi ya saa nzima. Swali la mwisho lijibiwe kwa utulivu.

Penye shida ya kweli ni Ijumaa yenye karatasi ya mchana. Wakati unaingia saa 6:07, na mtahiniwa anatakiwa awe mlangoni mapema kabla ya saa 8. Hotuba ikianza saa 7 na khatibu akawa na mengi, mtoto anatoka msikitini akikimbia. Wiki moja kabla, mzazi atafute msikiti unaomaliza saa 7:15, au shule iombe kwa imamu wa jirani afupishe. Maimamu wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wakiambiwa siku yenyewe huwa wameshapanda mimbari.

Kijitabu cha dua za mtihani: B, na F ukiingia nacho

Kijitabu kizuri kina vitu vitatu: Kiarabu chenye irabu, matamshi kwa herufi zetu, na mahali dua ilipotoka. Kikikosa cha tatu, kirudishe mezani. Dua zenye asili hazijai hata ukurasa. "Rabbi zidnii ilmaa" ni Taha aya ya 114. "Rabbi-shrah lii sadrii" hadi "yafqahuu qawlii" ni Taha 25 hadi 28, maneno ya Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni. Anayeogopa msimamizi aliyekunja uso azingatie Musa alikuwa anakwenda kwa nani. (Na "yafqahuu qawlii" maana yake ni wapate kuyafahamu maneno yangu, dua ambayo mwenye mwandiko mbovu ana haki ya kuikariri mara mbili.) "Allahumma laa sahla illaa maa ja'altahu sahlan" imepokewa na Ibn Hibban kutoka kwa Anas, na mahali pake ni pale karatasi ya maswali inapogeuzwa. Ya kujikinga na wasiwasi, huzuni, unyonge na uvivu imo katika Bukhari, nayo ni ya wiki za kabla, asubuhi na jioni.

Ile inayosambazwa sana, ya "nakuwekea amana niliyoyasoma, nirudishie nitakapoyahitaji", maana yake haina ubaya na mtu anaweza kuomba hivyo kwa lugha yoyote. Ila isinasibishwe na Mtume, maana haina upokezi unaojulikana. Na kijitabu kinachopanga dua ya Kemia mara 313 na ya Jiografia mara 700 kimetungwa na mwenye duka.

Kasoro ya uchapaji huku ni herufi ya ain. Matamshi kwa herufi za Kilatini huimeza, na neno hugeuka: "aliim" kwa ain ni mjuzi, kwa alifu ni chenye kuumiza. Mtoto asikilizwe na mwalimu wa madrasa mara moja, dakika kumi zinatosha.

Sasa hiyo F. Karatasi yoyote yenye maandishi ikikutwa kwa mtahiniwa ndani ya chumba cha mtihani ni tatizo, na msimamizi asiyesoma Kiarabu hana namna ya kujua kwamba siyo kanuni za Kemia. Kufutiwa matokeo kwa ajili ya kadi ya dua ni hasara isiyo na thawabu. Mifuko ikaguliwe nyumbani, hasa ya kanzu na ya baibui, na kidani chenye aya kibaki kabatini. Dua zikariri kichwani. Zikikataa kukaririka, omba kwa Kiswahili.

Hofu ikipanda chumbani, utaratibu ni huu: peni chini, viganja juu ya meza, pumzi ya polepole kwa puani, "Hasbunallahu wa ni'mal wakiil" moyoni kwa kila pumzi ya kutoka, mara saba au kumi. Inachukua chini ya dakika moja na nusu. Kisha ruka swali lililokutisha, anza na unalolijua.

Kombe: D

Tunajua daraja hili litaleta maneno, basi tueleze. Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani iliyolowekwa kwenye marashi ya mawaridi juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, maji yakanywewa. Jambo hili lina mjadala mrefu kwa wanavyuoni. Imamu Nawawi ameeleza kwamba al-Hasan, Mujahid, Abu Qilaba na al-Awza'i hawakuona ubaya, na an-Nakha'i alilichukia. Lakini mjadala wenyewe ni juu ya mgonjwa. Kuhamisha hoja ya mgonjwa ukampa mtoto mzima asiyejua logarithi ni kuvuka mpaka ambao wale waliojuzisha hawakuuvuka.

Daraja limeshushwa zaidi na mambo ya jikoni. Zafarani ni ghali, kwa hiyo baadhi ya waandishi hutumia rangi ya biriani. Pima hivi: weka nyuzi mbili kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu taratibu na uzi hubaki mwekundu, ya bandia humwaga rangi papo hapo na uzi hupauka. Pili, maji. Novemba ni msimu wa vuli, visima vya mijini vinachafuka, na maji ya kuoshea sahani mara nyingi hayajachemshwa. Kuharisha usiku wa kuamkia Hisabati hakufidiwi na chochote. Mzazi aliyeazimia hata hivyo apeleke maji yaliyochemshwa na zafarani yake mwenyewe, na afanye mwezi mmoja kabla, si jana yake. Mwandishi anayeahidi ufaulu, au anayeuliza namba ya mtihani ya mtoto, aachwe na sahani yake.

Rafu ya vyakula: kutoka B hadi D

Mafuta ya habasoda: D. Hadithi ya kuwa ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, nayo pia imetaja ugonjwa. Kijiko kikubwa cha mafuta tumbo likiwa tupu huwaletea wengi kiungulia na mbeu za harufu kali, na wenzake wa dawati la mbele watajua. Zamzam ina hadithi yake na heshima yake, ila chupa isiyojulikana imetoka kwa nani ni maji tu. Tende tatu na maji kabla ya kuondoka nyumbani ni jambo jema lisilohitaji maelezo.

Zabibu kavu zina historia ya kuchekesha kidogo. Al-Zuhri, mpokezi mkubwa wa hadithi, alizisifia kwa kuhifadhi, na al-Zarnuji anaweka idadi kabisa: nyekundu 21 kila siku kabla ya kula kitu. Ni kauli ya uzoefu wa wanavyuoni, si hadithi ya Mtume. Hazina madhara na zinashibisha kidogo, basi C.

Kilichotushangaza kwa uzuri ni talbina, ambayo maduka hayaitangazi kwa mtihani hata kidogo. Bibi Aisha amepokea kwamba inautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Ni uji wa shayiri tu. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa shayiri usiokobolewa, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi kwanza usifanye madonge, kisha moto mdogo dakika 10 hadi 15 ukikoroga, malizia na nusu kikombe cha maziwa na kijiko cha asali ukishaepua. Saa 12:30 asubuhi inakaa tumboni hadi karatasi ya saa 2 imalizike saa 5. Ianze kunywewa wiki mbili kabla, kwa kuwa shayiri huwajaza gesi wasioizoea. B.

Na funga za Jumatatu na Alhamisi: ambaye ni desturi yake aendelee akiweza. Asiyezizoea asianzie wiki ya mtihani, hizo ni sunna na mtihani unapita mara moja.

Dua ya pamoja ya watahiniwa: B au F, kutegemea saa

Wiki mbili kabla, Ijumaa baada ya Alasiri, dakika 40, wazazi wapo, mwalimu mmoja anasema neno fupi juu ya udanganyifu na hadithi ya "atakayetughushi si katika sisi", watu wanaitikia amina na kwenda nyumbani: B bila ubishi. Hadithi hiyo, kwa taarifa, Mtume aliisema sokoni, baada ya kuingiza mkono kwenye rundo la nafaka akakuta limelowa ndani. Anayenunua "mtihani uliovuja" kwenye WhatsApp ni mteja wa rundo lile lile, na mara nyingi hata ndani yake hakuna nafaka.

Ila shughuli ikifanyika usiku wa kuamkia mtihani, na qaswida, wageni watano wa kuzungumza na pilau linaloiva saa 5 usiku, mtoto analala saa 7 tumbo limejaa nyama. Hiyo ni F.

Kambi ya msikitini: C

Ndiyo bidhaa ya bei kubwa kuliko zote humu, na ndiyo inayotofautiana sana kati ya mahali na mahali. Iliyo nzuri ina walimu wa masomo wanaosahihisha kila siku, diskasheni za watu wanne hadi sita, na swala za jamaa zinazoigawa siku kama ile karatasi ya ukutani. Inayoharibu hufanana kila mahali: mawaidha baada ya Isha hadi saa 5, kuamshwa saa 9 kwa kisimamo cha usiku, mtoto kabakiwa na saa nne za usingizi kwa siku kumi mfululizo. Kisimamo ni sunna. Kumlazimisha kijana wa miaka 16 rakaa nane kila usiku huku mchana anasinzia kwenye Baiolojia ni mpango mbovu. Rakaa mbili na witri, dakika 20 kabla ya Alfajiri, zinatosha. Pia kambi hazina maabara: anayefanya mitihani ya vitendo ya Kemia, Fizikia au Baiolojia atapata mazoezi hayo shuleni kwake tu, na siku kumi za kutokuwepo zinamgharimu.

Kabla ya kulipa, uliza: taa zinazimwa saa ngapi? Nani anasahihisha Hisabati, na karatasi inarudi baada ya muda gani? Umeme ukikatika mnatumia nini? Mabinti wanalala wapi, na nani anawasimamia? Watoto ni wangapi, na vyoo vingapi? Watoto 80 kwa vyoo viwili maana yake foleni ya udhu inaanza saa 10 usiku na kipande chote cha Alfajiri kinaishia kwenye foleni. Msimamizi akisita kwenye swali hilo la mwisho, omba kwanza ukavione.